Aliye Makaoni Ana Haki ya Kuonana na Jamaa Zake

Mzee akihamia makao ya wazee, haki zake za kikatiba huhamia naye. Hata hivyo, jamaa wengi hufika langoni kama waomba msaada, na wakikataliwa hurudi nyumbani kimya.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataka wazee, yaani waliotimiza miaka 60, waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, wapate matunzo ya familia na ya Serikali. Familia imetajwa kwanza. Sasa itamtunza vipi mtu isiyeruhusiwa kumwona?

Swali hili liliumiza wengi wakati wa korona. Nchini Uingereza, familia zilizokatazwa kuwaona wazazi wao zilifanya kampeni kwa miaka kadhaa, na tangu tarehe 6 Aprili 2024 kanuni inayotumika England inataka mkazi wa makao aruhusiwe wageni, isipokuwa kuwe na sababu za kipekee.

Makao yanaweza kupanga saa za wageni, au kuahirisha ziara kukizuka kipindupindu. Hilo linaeleweka. Lakini kumzuia binti kwa sababu ada imechelewa, au kwa kuwa aliuliza kuhusu kidonda cha mgongoni, ni adhabu, na anayeadhibiwa ni mzee. Mgeni wa kila wiki ndiye huona mapema nguo zinazopwaya na miwani iliyopotea.

Mara nyingine kizuizi hutoka nyumbani. Ndugu mmoja analipa, kuna mzozo wa shamba, basi anaagiza wenzake wasiingie. Kulipa ada hakumpi mamlaka hayo. Aulizwe mzee mwenyewe anataka kumwona nani. Na akisema hamtaki fulani, aheshimiwe.

Ukizuiwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo mtu ambaye haki zake zimeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, na ni vyema kuomba hata katika makao ya kibinafsi. Andika tarehe na cheo cha aliyekuzuia, kisha umwone afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yako. Mambo yasipotatuliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Walio mbali waombe saa maalumu ya simu, mzee akiachwa azungumze faraghani.