Mkono wa Mtoto Mchanga Haukuteguka

Mkono wa mtoto mchanga unaolegea tangu kuzaliwa kwa kawaida huwa umepooza kwa sababu mishipa ya fahamu imevutika. Kichwa kikishatoka, bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama, shingo huvutwa mbali na bega pamoja na mishipa mitano inayoteremka mkononi. Mingine hunyooka tu. Mingine hukatika, au hung'oka kwenye uti wa mgongo. Ikiumia miwili ya juu, mkono huning'inia, kiganja kimetazama nyuma, lakini vidole hushika. Wilhelm Erb wa Ujerumani aliieleza hali hiyo mwaka 1874.

Swali lisiloisha kliniki ni mtoto akandwe kwa maji ya moto mara ngapi. Asikandwe hata mara moja. Jeraha liko ndani ya shingo, ambako kidole cha mkandaji hakifiki. Kuuvuta mkono ili urudi mahali pake ni kurudia kitendo kilekile kilichoumiza. Ngozi iliyopungukiwa hisia huungua mtoto asijue, na mtulinga, ambao mara nyingine huvunjika katika uzazi huohuo, husogezwa kwa kukandwa. Sifa za wakandaji zimetokana na jambo moja: watoto wengi hupona wenyewe kwa wiki au miezi michache, kwa kuwa mshipa uliovutika bila kukatika hujirudi. Aliyekandwa akapona husimuliwa mtaa mzima. Aliyekandwa akabaki na kilema huambiwa alicheleweshwa. Na hapo ndipo madhara makubwa yalipo, kwenye muda. Mshipa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa mwaka mmoja na nusu bila mshipa ni vigumu mno kuufufua.

Kwanza ipigwe eksirei ya bega na mtulinga. Maumivu ya siku za mwanzo yakitulia, viungo vyote vinyooshwe taratibu kila nepi inapobadilishwa, hasa bega ligeuzwe kuelekea nje, kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakavyoelekeza. Mtoto asinyanyuliwe kwa mkono wala kwapa; nguo ianze kuvishwa mkono ulioumia. Akifika miezi 3 bila kukunja kiwiko mwenyewe, aonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Mkono ukiwa umelegea wote hadi vidole, na kope ya upande huo imeshuka, rufaa isingoje miezi hiyo. Upasuaji wa kupandikiza mishipa kwa kawaida hufanyika kati ya miezi 3 na 9. Mtoto ambaye muda huo umempita huweza kuhamishiwa misuli ya jirani, ili bega linyanyuke na kugeuka nje.