UFUNGAJI WA TAA ZA ZIADA KATIKA MAGARI YA MIZIGO

Wenye magari ya mizigo, madereva, na wafanyakazi wa Serikali wanaosimamia magari ya idara zao wanatanabahishwa kuwa taa za ziada zisiungwe kutoka waya wa taa kubwa za gari, wala moja kwa moja kutoka betri bila ya fyuzi.

Taa hizo ni msaada mkubwa kwa magari yanayobeba mchanga, mawe, samaki au karafuu kabla ya mapambazuko, katika njia za mashamba zisizo na taa. Lakini waya unaopitisha umeme kuliko uwezo wake hupata joto, ganda lake huyeyuka, na moto huweza kuanza nyuma ya dashibodi au chini ya bodi, mahali asipoona dereva. Hatari huzidi kwa magari yenye bodi za mbao, ambayo aghalabu hubeba watu pamoja na mizigo.

Jambo la mwanzo ni kujua volti za gari. Magari madogo mengi hutumia volti 12, na malori makubwa mengi hutumia volti 24 zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili. Taa ya volti 12 ikifungwa katika gari la volti 24 huungua. Baadhi ya watu hukwepa tatizo hilo kwa kuchukua umeme katika betri moja tu kati ya mbili. Jambo hilo halifai, kwani betri hiyo hupungua chaji, mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili huharibika.

Jambo la pili ni kukadiria umeme utakaotumika. Wati zote za taa zikigawanywa kwa volti za gari, jawabu ni ampia. Taa mbili za wati 55 katika gari la volti 12 hutumia ampia 9 na kidogo; fyuzi ya ampia 15 na waya wa milimita mraba 2.5 hutosha. Taa mbili za wati 70 katika gari la volti 24 hutumia karibu ampia 6, na fyuzi ya ampia 10 hutosha.

Kazi yenyewe ifuatwe kama ifuatavyo:

(a) Waya wa hasi wa betri ufunguliwe mwanzo na urejeshwe mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete shoti.

(b) Waya wa chanya utoke betri na upite katika fyuzi iliyo karibu sana na betri. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga yoyote.

(c) Kutoka fyuzi, waya uingie katika rilei yenye volti sawa na za gari, namba 30, na utoke namba 87 kwenda kwenye taa. Namba 86 ipokee waya mwembamba wa swichi, na namba 85 iende kwenye ethi. Kwa njia hii swichi hupitisha umeme mdogo tu.

(d) Waya unaopita katika tundu la bati uvishwe mpira, uwekwe mbali na ekzosi na mabomba ya mafuta na breki, na ufungwe imara usicheze.

(e) Ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, kisha ipakwe grisi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya visiwani hula viungo upesi.

Baada ya kazi, taa ziwashwe kwa muda wa dakika 10, na waya, rilei na kishikio cha fyuzi viguswe. Kitu chenye joto kali ni dalili ya kiungo kibovu au waya mwembamba.

Fyuzi ikikatika, sababu itafutwe kwanza. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pake ni kuondoa kinga pekee iliyopo, kwani kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua.

Mwisho, taa hizo zielekezwe chini na zizimwe gari jengine linapokuja mbele, ili mwangaza unaomsaidia dereva mmoja usimpofue mwenziwe. Wasimamizi wa magari wanaombwa kukagua taa zilizokwisha kufungwa, na zilizokosa fyuzi zisitumike mpaka zitengenezwe.