Dhahabu ya Nyarugusu na Elimu ya Mchimbaji

Mgeni afikaye Nyarugusu, mkoani Geita, hulakiwa na ngurumo za makarasha. Mawe yakishasagwa, unga wake huoshwa mialoni, kisha huchanganywa na zebaki ili inase dhahabu. Lakini zebaki hunasa tu chembe inayoigusa. Katika mabaki, yaani marudio, mara nyingi husalia zaidi ya nusu ya dhahabu yote! Mwenye matangi ya sianidi huyanunua kwa bei ndogo, akavuna kile ambacho mchimbaji alikibeba mgongoni asikijue.

Mfano huu wanifaa darasani kuliko milinganyo mingi niliyofunzwa ng'ambo. Wanauchumi husema kwamba pato la eneo hukuzwa na mtaji, kazi na maarifa. Ila vitu hivi havijumlishwi kama shilingi mfukoni. Kila kimoja hutegemea nguvu ya mwenziwe.

Tuutazame mtaji wa kigeni, ambao huja na kuondoka. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanzishwa enzi za ukoloni, ulifungwa mwaka 1966; mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika kila shilingi 100 za dhahabu, kiwango cha kawaida cha mrabaha tangu mwaka 2017 ni shilingi 6, ziendazo Hazina. Ushuru wa huduma wa halmashauri hauzidi senti 30. Salio hulipia mafuta, mitambo, kemikali, mishahara na faida. Je, fundi wa mitambo hiyo atoka wapi? Akiwa mwenyeji, mshahara wake utanunua mchele wa Geita. Akiwa wa mbali, utamfuata kwao. Kanuni za mwaka 2018 zataka Watanzania wapewe kipaumbele, lakini kanuni haimfundishi mtu kuunga vyuma.

Matumizi ya umma nayo hayana uzito mmoja. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita adha ya kivuko. Hata hivyo, njia nzuri huharakisha pia mali kutoka.

Kwa maoni yangu, yafaa tukitazame zaidi kituo cha mfano cha Lwamgasa, kilicho jirani na Nyarugusu, chini ya Shirika la Madini la Taifa. Hapo mchimbaji mdogo hujionea mawe yakichenjuliwa bila zebaki, sumu idhuruyo mishipa ya fahamu: sianidi, ikisaidiwa na oksijeni, huyeyusha hata chembe zisizoonekana, kisha mkaa maalumu huzivuta kutoka majini.