Mwembe Mkongwe wa Uani: Uangushwe au Utibiwe?

Jomvu Kuu ni mji wa zamani. Wajomvu ni mojawapo ya mataifa Thenashara ya Waswahili wa Mombasa, na katika mji wa namna hiyo si ajabu mwembe wa uani kuwa na umri mkubwa kuliko nyumba iliyo chini yake.

Kila mwaka masika yanapokaribia na upepo wa kusi kuanza kuvuma, swali moja hurudi katika nyumba nyingi: je, ule mti uliolifunika paa hautawaangukia watoto usiku? Baba ataka uangushwe. Bibi akumbuka kivuli na maembe, naye akataa. Tena huenda mwenye kauli si baba wala bibi, maana kwa desturi ya pwani mti waweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye kiwanja, ukarithiwa kama mali nyingine. Shoka lililoinuliwa kwa haraka laweza kuzusha ugomvi mkubwa kuliko thamani ya kuni zitakazopatikana.

Kabla ya kufika huko, yafaa mti ukaguliwe kama mgonjwa anavyokaguliwa na mganga.

KUUKAGUA MTI

Mkaguzi huanzia chini. Uyoga ukiota penye shina au juu ya mizizi, ni dalili kwamba kuoza kumeanza ndani. Ardhi ikipasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, au mti ukianza kuinama ilhali zamani ulisimama wima, hatari i karibu, na watu wasilale chini yake. Kisha hutazama juu: matawi makavu, nyufa penye panda, na tawi zito lililolala juu ya paa.

Shina likigongwa na kulia kama mtungi mtupu, mwenyewe asikate tamaa mara moja. Mwanzi nao ni mtupu ndani, lakini hustahimili upepo. Jambo kubwa ni unene wa mti mzima uliobaki pembeni, na kuupima huko ni kazi ya mjuzi.

KUKATA KWA UJUZI

Kosa kubwa ni kuukata mti kichwa. Wengi hudhani kuwa umepunguzwa uzito, kumbe umetiwa ugonjwa. Machipukizi huota kwa wingi penye jeraha na kurefuka upesi, lakini hushikwa na gamba la juu tu, na baada ya miaka michache huvunjika kwa urahisi kuliko matawi ya kwanza. Heri kuondoa matawi makavu kwanza, kisha kupunguza yale yaliyosongamana, wala isizidi robo ya matawi mabichi kwa mwaka mmoja.

Tawi nene hukatwa kwa msumeno mara tatu. Mara ya kwanza hukatwa kwa chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, mpaka theluthi ya unene wake. Mara ya pili hukatwa kwa juu, mbele kidogo ya hapo, nalo huanguka bila kuchuna gamba la shina. Mara ya tatu huondolewa kigutu kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio kati ya tawi na shina. Uvimbe huo usiguswe, kwani ndio uzibao jeraha.

Zamani watu walipaka lami au rangi mahali palipokatwa. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha, tangu miaka ya 1970, kwamba mti hujijengea kuta ndani ili kuzuia kuoza kusienee. Lami haizuii kuoza. Mkato safi watosha.

Kwa mwembe, wakati mwema ni mara baada ya mavuno, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za vijiti vilivyokomaa. Akataye karibu na majira ya maua hujinyima matunda. Mkataji ajikinge ngozi na macho, kwani utomvu wa mwembe huunguza. Matawi mazito yashushwe kwa kamba. Mkwezi hodari wa minazi si lazima awe mjuzi wa kazi hii. Na tawi likigusa waya wa umeme, asipande mtu yeyote: waitwe Kenya Power.

MIZIZI ISISAHAULIWE

Mizizi mingi hukaa karibu na uso wa ardhi na kuenea kupita kivuli cha matawi. Achimbaye msingi au shimo la choo karibu na shina huikata kamba iliyoushika mti. Kumwaga saruji kulizunguka shina huinyima mizizi hewa na maji, na kuchoma taka chini ya mti huua gamba. Majani makavu yatandazwe chini, lakini yasirundikwe kwenye shina.

Mti uliooza mizizi hauna budi kuangushwa, na hapo ashauriwe Bwana Shamba au ofisi ya misitu, na warithi wote wapewe habari mapema. Lakini mingi yaweza kuokolewa kwa kazi ya siku moja kila baada ya miaka michache. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta hujengwa kwa mwezi mmoja, lakini kivuli cha mwembe mkongwe hakirudi katika maisha ya mtu aliyeukata.