Kinga ya mwili ikizidi: kipimo kilichomuokoa mtoto Emily

Tumezoea kuambiana kuwa kinga ya mwili ikishuka mtu huugua. Ni kweli. Lakini je, unajua kwamba kinga ikipanda kupita kiasi nayo huua?

Mwezi Aprili 2012, mtoto wa Kimarekani aitwaye Emily Whitehead, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa akitibiwa katika hospitali ya watoto mjini Philadelphia. Saratani ya damu ilikuwa imemrudia na dawa za kawaida zimeshindwa. Profesa Carl June na wenzake walichukua chembechembe nyeupe za damu yake mwenyewe, wakazibadilisha maabara ili ziitambue saratani, kisha wakamrudishia.

Zilifanya kazi, tena kwa pupa. Baada ya siku chache homa ilipanda, shinikizo la damu likashuka, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Matumaini yalikuwa madogo mno. Ndipo damu yake ikapimwa protini ambazo chembechembe za kinga hutumia kupeana taarifa. Moja, iitwayo intalukini-6, ilikuwa juu mno kupita kawaida.

Protini hizo hazionekani kwa darubini ya kawaida. Mpimaji hutumia kingamwili inayonasa protini moja tu na kuziacha nyingine, kama kufuli na ufunguo wake. Kisha huongeza kingamwili ya pili yenye kutoa rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi. Hulinganishwa na sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana, ndipo inapatikana namba.

Namba hiyo ndiyo iliyowaonyesha madaktari njia. Profesa June ana binti mwenye maradhi ya viungo, hivyo alikuwa akiijua dawa ya tosilizumabu, ambayo huizuia intalukini-6 isifanye kazi. Dawa ya viungo kwa mgonjwa wa saratani, nani angefikiri? Emily alipopewa, homa ilishuka ndani ya saa chache. Aliamka siku aliyotimiza miaka 7, na baadaye vipimo havikuona saratani tena.

Basi ukiwa na mgonjwa wa saratani anayepewa tiba ya kinga, akipata homa usimpe panadol ukangoja asubuhi. Mrudishe hospitali usiku huo huo. Na wale wanaokuuzia dawa za "kuongeza kinga", waulize kwanza wamepima nini.

Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba aliyopewa Emily, na siku hiyo hiyo ikaidhinisha tosilizumabu itumike kutuliza madhara yake.