Kuhama Chuo: Usihesabu Ada Peke Yake

Mtoto aliye chuo kikuu akikuambia, "Baba, ada ya mwaka wa pili imetushinda, afadhali nihame," usingizi hukupaa. Lakini kuhama chuo si aibu, wala si kushindwa. Ni jambo lililowekewa taratibu, na mwenye kuzifahamu huokoa fedha na umri wa mwanawe.

Kosa la wengi wetu ni kulinganisha ada na ada, basi. Katika utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, masomo hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Mwaka mmoja huwa na krediti 120, na shahada ya miaka mitatu 360.

Tuseme mwanao amemaliza mwaka wa kwanza na kupata krediti zote 120. Chuo kimoja kinatoza ada ndogo, lakini kinazitambua 60 tu. Chuo kingine kinatoza zaidi kidogo, nacho kinazitambua zote. Akienda kwenye kile cha kwanza, nusu mwaka umepotea, pamoja na kodi ya chumba, chakula na nauli yake. Hapo ndipo rahisi inapogeuka ghali.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga sanduku, kijana na aombe jibu la maandishi: krediti zangu ngapi zitatambuliwa, na nitaingia mwaka wa ngapi? Aambatanishe hati ya matokeo na muhtasari wa kila somo alilosoma, maana masomo mawili yaweza kuwa na jina moja na yasifanane ndani. Ahakikishe pia kwamba anazo sifa za kuingia katika kozi ile mpya, na kwamba hajachelewa muda uliotangazwa wa uhamisho.

Je, utaujuaje ubora? Usitazame majengo wala matangazo. Anza na Tume: je, chuo kina ithibati, na kozi yenyewe imeidhinishwa? Hili si dogo. Mwaka 2016 Tume ilifuta vibali vya matawi ya chuo kikuu kimoja huko Songea na Arusha, na wanafunzi wakalazimika kuhamishiwa vyuo vingine. Kisha iulize bodi ya taaluma. Anayesomea uhandisi aulize Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayesomea udaktari, Baraza la Madaktari Tanganyika. Shahada isiyotambuliwa na wenye taaluma ni karatasi tu.

Kuhusu unafuu, vyuo vya umma kama Dar es Salaam, Sokoine na Dodoma visisahauliwe, ingawa nafasi katika kozi zinazopendwa huwa chache. Kijana anayelazimika kufanya kazi akisoma akitazame Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994, na kina vituo mikoani. Mwanafunzi wake aweza kulala kwao, na kodi ya chumba ikabaki mfukoni. Hata hivyo yataka nidhamu, kwa kuwa hakuna mwalimu wa kumwamsha asubuhi.

Kama mwanao anapata mkopo, mwulize afisa mikopo wa chuo anachotoka na wa kile anachokwenda namna mkopo huo utakavyomfuata. Fanyeni hivyo kabla hajaondoka, si baada ya kufika ugenini mikono mitupu.

Mzazi mwenzangu, jioni moja kaeni pamoja, baba, mama na kijana mwenyewe, mkiwa na karatasi na kalamu. Andikeni miaka iliyobaki, kisha gharama yote ya kila mwaka, hadi siku ya kuvaa joho. Jumla hiyo, wala si ada ya muhula mmoja, ndiyo bei ya chuo.