Kunyamaza si jibu

Wandugu, ku mulango wa kazi mwenye kushika liste anapitisha kidole mbele na nyuma. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Jua linazama, watoto wanalala njaa.

Wenye hesabu wanajua ile shida. Mashini yenye kusoma maandiko mbele na nyuma inaweza kuzunguka bila mwisho. Kugeuza tu "ndiyo" kuwa "hapana" haitoshi. Mu 2007 Geffert, Mereghetti na Pighizzini walionyesha: kama haibahatishi na iko na hali 10, mashini ya kinyume yenye hali 40 inatosha, na inajibu kila mara. Inaanza ku "ndiyo", inarudia nyayo kinyumenyume. Njia isipofika mwanzo, ni "hapana".

Jibu halina bei kubwa. Tulidai.